Pwani ya Andalusi: Vijiji, Fukwe na Msahafu Uliokuwa Ukutani



Pwani ya kusini ya Hispania hutajwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja: mchanga, mahoteli marefu na jua la kiangazi. Picha za matangazo ndizo zilizotuzoesha hivyo. Lakini msafiri anayeishika barabara kutoka Tarifa, penye mlangobahari, hadi Almería upande wa mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 350, hupita katika pwani nyingi zilizoungana. Upo ufukwe wa upepo, upo wa kokoto, na upo uliotokana na volkano. Kipo kijiji cha wavuvi wa jodari, kipo cha wakulima wa miwa, na vipo vijiji ambavyo mnara wa kanisa lake ulijengwa kwanza kwa ajili ya adhana.

Wiki hii safu yetu ya familia inakusudia kuipita pwani hiyo kituo kwa kituo. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, wapo jamaa zetu wengi wanaoishi Ulaya ambao likizo za watoto huwafikisha huko, na baadhi yao hurudi wakiwa wamekiona kidimbwi cha kuogelea cha hoteli na si zaidi. Pili, na hii ndiyo sababu nzito, pwani hii ilikuwa chini ya Waislamu kwa karne saba na zaidi. Walilima, walijenga, walisoma na walizikana hapo. Swali ambalo tungependa wazazi watembee nalo ni hili: katika yote waliyokuwa nayo watu wale, kipi kilibaki chenyewe, na kipi kilihitaji mtu wa kukishika mkononi?

Mlango wa bahari

Tarifa ndio mji wa kusini kabisa katika bara la Ulaya. Hapo Bahari ya Atlantiki na Bahari ya Mediterania hukutana, na Afrika iko mbele ya macho: sehemu nyembamba ya mlangobahari haizidi sana kilomita 14, na siku ya anga safi milima ya Morocco huonekana bila shida. Jina la mji latokana na Tarif ibn Malik, aliyevuka na watu mia chache mwaka 710, mwaka mmoja kabla ya Tariq ibn Ziyad. Ngome iliyo juu ya bandari ilijengwa kwa amri ya Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu, na ujenzi wake ulikamilika mwaka 960.

Anayeitawala Tarifa hasa ni upepo. Upepo wa mashariki, ambao wenyeji huuita levante, waweza kuvuma siku nyingi mfululizo na kuurusha mchanga wa ufukwe wa Los Lances hata ukamchoma mtu miguuni. Wenye michezo ya tiara za baharini huufurahia. Familia yenye watoto wadogo itafanya vyema kuingia ndani ya mji, katika vichochoro vyake vyeupe vilivyopindapinda kwa makusudi ili upepo uvunjike nguvu njiani. Mkazi wa Lamu au wa Mji Mkongwe hatahitaji kuelezwa hekima ya kichochoro cha namna hiyo.

Ufukwe huohuo una historia nyingine, iliyo karibu nasi zaidi. Mwanzoni mwa Novemba 1988 bahari ilileta hapo maiti za vijana waliotoka Morocco kwa mashua wakitafuta kazi. Tangu siku hizo mlangobahari haujaacha kuchukua watu, na katika makaburi ya Tarifa wamo waliozikwa pasipo kujulikana majina yao. Tunaona ni wajibu wa mzazi kumweleza mtoto mkubwa habari hiyo, kisha waombewe dua hapohapo ufukweni.

Magharibi kidogo ya Tarifa iko Bolonia, ghuba yenye tuta la mchanga linalozidi mita 30 kwa urefu, na kando yake magofu ya mji wa Kirumi uitwao Baelo Claudia. Mji huo ulitajirika kwa samaki. Mabirika ambamo jodari walitiwa chumvi, na ambamo ulitengenezwa mchuzi wa samaki waliochachushwa uliosafirishwa mbali, yangali yakionekana. Hadi leo katika vijiji vya jirani, kama Barbate na Zahara de los Atunes, jodari hunaswa kila msimu wa machipuko kwa mtego mkubwa wa nyavu uitwao almadraba. Neno hilo ni la Kiarabu, lenye maana ya mahali pa kupigia. Wavuvi wa uzio na wando katika pwani yetu wangeielewa kazi hiyo mara moja: samaki haandamwi, bali hujengewa njia aingie mwenyewe.

Juu ya kilima, mbali kidogo na maji, kimekaa kijiji cha Vejer de la Frontera. Wanawake wake walikuwa wakivaa vazi jeusi lililofunika kichwa na mwili wote na kuacha jicho moja tu, nalo lilivaliwa hadi miaka ya 1930. Watu hupenda kusema kuwa ni mabaki ya vazi la Waislamu, ingawa wapo wanahistoria wanaolinasibisha na vazi la kale la wanawake wa Castile. Lililo wazi zaidi ni undugu wa damu: Ali ibn Rashid, mwasisi wa mji wa Chefchaouen huko Morocco mwaka 1471, alimwoa mwanamke aliyetoka Vejer. Binti yao ndiye Sayyida al-Hurra, aliyekuja kuutawala mji wa Tetouan katika karne ya 16. Anayetaka kumwonyesha binti yake kwamba wanawake wa zama zile hawakuishi jikoni tu, mfano anao hapo.

Kisiwa cha Kijani na njia ya Ibn Battuta

Kutoka Tarifa kuelekea mashariki, mji wa kwanza mkubwa ni Algeciras. Wengi huuona kama bandari tu, na kweli kila kiangazi maelfu ya familia za Kimorocco zinazoishi Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi hupita hapo, magari yakiwa yamejaa hadi juu ya paa, kwenda kuwaona wazee wao. Lakini msomaji wa Kiswahili ataguswa na jina lake. Algeciras ni al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, jina lilelile ambalo Waarabu walikipa kisiwa chetu cha Pemba. Mbele yake limesimama jabali la Gibraltar, yaani Jabal Tariq, lenye urefu wa mita 426.

Yupo msafiri mmoja aliyeziona pwani zote mbili, ya kwetu na ya huko. Ibn Battuta wa Tangier alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akasifu uchamungu wa watu wa Kilwa na ukarimu wa sultani wao. Baada ya miaka ishirini hivi alivuka mlangobahari, akapita Ronda na Marbella kuelekea Málaga. Kipande hicho cha njia kilikuwa cha hatari. Wapanda farasi waliomtangulia walivamiwa na maharamia waliotoka baharini, baadhi yao wakatekwa, naye alinusurika kwa sababu alichelewa nyuma yao, akalala katika ngome ya Suhayl. Ngome hiyo ingaliko Fuengirola, juu ya kilima kidogo kinachotazama ufukwe, na watoto huweza kupanda na kushuka humo wapendavyo.

Kipande hicho leo ndicho chenye majengo mengi zaidi katika safari yote. Marbella ni mji wa matajiri, nao una msikiti wa Mfalme Abdulaziz uliojengwa mwaka 1981, ambamo msafiri hupata swala ya Ijumaa. Málaga ni mji mkubwa wenye kasri la karne ya 11 katikati yake. Ibn Battuta aliusifu kwa tini, zabibu na vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kama dhahabu. Mwaka 1487 ulizingirwa kwa zaidi ya miezi mitatu, njaa ikawashinda watu wake, na wengi wao wakauzwa utumwani. Jioni, kwenye fukwe za Málaga, wapishi huchoma samaki wadogo aina ya sadini kwa kuwatunga katika vijiti vya mwanzi na kuwasimamisha kando ya moto, moto wenyewe ukiwa umewashwa ndani ya mashua kuukuu iliyojazwa mchanga. Kiungo chake ni chumvi tu. Kwa mlo wa familia ya Kiislamu, ni vigumu kupata kilicho rahisi na salama kuliko hicho.

Vijiji vya mashariki ya Málaga

Nchi iliyo mashariki ya Málaga huitwa Axarquía. Mswahili hahitaji mkalimani: ni ash-sharqiyya, ya mashariki, neno la shina moja na neno letu mashariki. Hapa milima hukaribia bahari, na kila kijiji kimening'inia kwenye mteremko wake kama kundi la njiwa weupe. Katika kijiji cha Árchez mnara wa kanisa ni mnara wa msikiti wa karne ya 14, matofali yake yakiwa yamepangwa kwa nakshi ya almasi. Salares ina mnara wa namna hiyo pia. Kengele iliwekwa pale aliposimama mwadhini, na pengine ndiyo iliyounusuru mnara usibomolewe.

Frigiliana, juu ya mji wa pwani wa Nerja, hupendwa na wapiga picha kwa ngazi zake zilizopambwa kwa kokoto na maua yaliyopandwa mbele ya kila mlango. Ukutani mna vibao vya vigae vinavyosimulia vita vya mwaka 1569, wenyeji waliobakia wa asili ya Kiislamu walipojikusanya juu ya jabali lililo nyuma ya kijiji wakashindwa. Kijiji hicho hutengeneza pia asali ya miwa hadi leo. Chini yake, Nerja ina pango kubwa la mawe yaliyoning'inia, lililogunduliwa na vijana watano mwaka 1959, na karibu na Maro kuna vighuba vidogo vilivyofichwa na magenge, ambavyo asubuhi na mapema huwa na utulivu wa kutosha kwa familia inayopenda stara.

Kipo kijiji kingine cha Axarquía ambacho tunakipita kwa sasa kwa makusudi. Tutakirudia mwishoni.

Nchi ya miwa na matopetope

Tukiuvuka mpaka wa mkoa wa Granada, mchanga hugeuka kokoto za kijivu na hewa huwa ya joto hata wakati wa baridi, kwa kuwa milima ya Sierra Nevada huzuia upepo wa kaskazini. Ndiyo maana hapa hustawi maparachichi, maembe na tunda la jamii ya topetope ambalo wenyeji hulionea fahari sana.

Katika ufukwe wa Almuñécar, ambao Waarabu waliuita al-Munakkab, alishuka mwaka 755 kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa mkimbizi. Naye ni Abdul-Rahman bin Muawiya, mmoja wa wachache wa ukoo wa Umayya waliosalimika na upanga wa Bani Abbas. Alikuwa ameshuhudia ndugu yake akiuawa ukingoni mwa mto Furati, kisha akatangatanga Afrika Kaskazini miaka kadhaa, akihifadhiwa na jamaa za mama yake wa Kiberberi. Mwaka mmoja baada ya kushuka hapo alikuwa amiri wa Córdoba. Mji umemsimamishia sanamu karibu na maji. Wazazi watakuwa na neno lao juu ya sanamu, lakini kisa chenyewe chafaa kusimuliwa, kwa sababu kila mkimbizi anayeshuka kwenye mashua hatujui Mwenyezi Mungu amemwandikia nini.

Salobreña, safari fupi kutoka hapo, ni nyumba nyeupe zilizolizunguka jabali, na juu ya jabali ni ngome iliyotumiwa na masultani wa Granada kuwafungia ndugu zao. Yusuf wa Tatu alitoka katika gereza hilo mwaka 1408 akaenda moja kwa moja kuwa sultani. Uwanda wa chini ulikuwa bahari ya miwa kwa karne nyingi. Waarabu ndio walioileta miwa na mifereji ya kuinywesha, na mavuno ya mwisho yalisagwa mwaka 2006, kiwanda kilipofungwa. Mfereji huitwa acequia, kutoka saqiya ya Kiarabu. Sukari wao huiita azúcar. Zeituni ni aceituna, zafarani ni azafrán, limau ni limón. Hata mkuu wa mji wao huitwa alcalde, ambaye kwa asili si mwingine ila al-qadi, kadhi wetu. Watoto wakipewa kazi ya kuwinda maneno ya namna hii njiani, safari ndefu huwa fupi.

Sheria iliyoingia nyumbani

Kwenye bandari ndogo ya Adra tunasimama kidogo. Hapa, mwaka 1493, Abu Abdillah, sultani wa mwisho wa Granada, alipanda merikebu kwenda Morocco na hakurudi. Nyuma ya Adra ndiyo milima ya Alpujarra, ambako raia wake wengi walibaki. Wakubwa walikuwa na merikebu. Mkulima mwenye shamba la mizeituni na mama mzee hakuwa na pa kwenda.

Waliobaki waliahidiwa uhuru wa dini yao. Ahadi hiyo haikudumu miaka kumi. Kufikia mwaka 1502 walitakiwa ama wabatizwe ama waondoke. Misikiti iligeuzwa makanisa na vitabu vya Kiarabu vilichomwa hadharani. Hata hivyo, watu waliendelea kusali kwa siri, na mwaka 1504 mwanachuoni mmoja wa Oran aliwaandikia fatwa kuwaruhusu kuficha: anayezuiwa kusimama aswali kwa ishara, na nia ikae moyoni.

Kwa safu ya familia, sheria ya kuitazama kwa makini ni ile ya mwaka 1567. Waliokuwa wakiiandika walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba msikiti ulifungwa zamani na dini bado ipo. Waliuliza ipo wapi, wakaikuta nyumbani. Basi sheria ikakataza lugha ya Kiarabu kwa kusema na kuandika, na kutoa miaka mitatu ya kujifunza Kihispania. Ikakataza majina ya Kiislamu, mavazi ya kimila na hamamu. Ikaamuru milango ya nyumba iachwe wazi siku za Ijumaa na za sherehe, ili ionekane nani anaoga, nani anapika, nani anasali. Mzee mmoja wa ukoo mashuhuri wa Granada, Francisco Núñez Muley, aliandika hoja ndefu kuitetea jamaa yake, akisema nguo na lugha ni mila za nchi, na kwamba wapo Wakristo wa Jerusalem wasemao Kiarabu. Hakusikilizwa. Mwishoni mwa 1568 milima ya Alpujarra iliwaka moto wa uasi, na ulipozimwa, watu wa ufalme wote wa Granada walitawanywa kwa nguvu bara. Kuanzia mwaka 1609 waliobaki Hispania yote, watu wanaokadiriwa kuwa kama 300,000, walifukuzwa kwa merikebu.

Minara ya ulinzi tunayoiona kila baada ya kilomita chache katika pwani hii, mingi ilijengwa au kutumika katika zama hizo za hofu. Waliofukuzwa walijulikana kuwa wanaweza kurudi usiku. Mhispania wa leo, akitaka kukuambia kwamba pako salama na unaweza kusema siri yako, husema hapana Wamoro pwani. Aghalabu hajui anachokisema.

Almería: bahari ya plastiki na pwani ya kimya

Baada ya Adra, mandhari hubadilika ghafula. Uwanda wote umefunikwa vitalu vya plastiki nyeupe, zaidi ya hekta 30,000 katika mkoa wa Almería, na ndiko zinakotoka nyanya, pilipili hoho na matango yanayoliwa Ulaya wakati wa baridi. Wanaozichuma wengi wao ni Wamorocco, Wamali na Wasenegali. Mwaka 2000 katika mji wa El Ejido Wamorocco walishambuliwa siku kadhaa, maduka yao yakavunjwa, baada ya mauaji yaliyofanywa na mtu mmoja mgonjwa wa akili. Hata hivyo wameendelea kuishi hapo, na misikiti yao midogo imo katika majengo ya kawaida yasiyo na mnara. Msafiri akisali nao Ijumaa moja atajifunza juu ya pwani hii mambo ambayo kasri haliwezi kumfundisha.

Mji wa Almería wenyewe ulianzishwa na Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu mwaka 955, chini ya ngome kubwa ambayo bado inautawala. Ulikuwa bandari ya hariri. Mashariki yake kuna Cabo de Gata, eneo la hifadhi tangu mwaka 1987, lenye miamba ya volkano, mvua chache mno, na fukwe kama Mónsul na Genoveses zisizo na jengo hata moja. Vijiji vyake ni vidogo. Kila mahali hukutwa birika la kale la kuvunia maji ya mvua, liitwalo aljibe, lenye kuba. Njiani kuelekea kaskazini, karibu na Carboneras, limesimama pagale la hoteli kubwa iliyojengwa ndani ya hifadhi, ambayo mahakama iliisimamisha mwaka 2006 kabla haijafunguliwa. Baada yake, juu ya kilima, ni Mojácar, kijiji cheupe cha mwisho katika safari yetu.

Ukuta wa Cútar

Sasa tukirudie kile kijiji tulichokipita kule Axarquía. Jina lake ni Cútar, watu wake ni mia chache, nacho hakina hoteli kubwa wala ufukwe. Bahari huonwa kwa mbali. Mwaka 2003 nyumba moja ya zamani ilikuwa ikikarabatiwa. Ndani ya ukuta, katika tundu lililozibwa, walikuta vitabu vitatu vilivyoandikwa kwa mkono. Kimoja kilikuwa msahafu wa karne nyingi. Wataalamu walipovichunguza walitambua kuwa ni vya Muhammad al-Jayyar, faqihi wa kijiji hicho mwishoni mwa karne ya 15. Alipoona mambo yameharibika alivifunga, akavitia ukutani, akaziba. Leo vimehifadhiwa Málaga.

Tunamheshimu faqihi huyo. Alifanya alichoweza, na alikifanya vizuri hata karatasi ikadumu miaka mia tano. Lakini na tufikirie nyumba ile katika miaka mia tano hiyo. Watu walizaliwa humo, wakaoana, wakalea watoto na kufa, kizazi baada ya kizazi, na msahafu uko umbali wa dhiraa moja kutoka walipolala. Haukuwafaa kitu, kwa kuwa hawakujua kwamba upo, na lau wangeufungua wasingejua kuusoma. Ukuta uliweza kuhifadhi wino. Kusoma hakuhifadhiki ukutani. Hukaa kwa mtu aliyesomeshwa na mtu.

Ndiyo maana ile sheria ya 1567 haikusumbuka sana na majengo. Ngome zimesimama, mifereji inapitisha maji, sukari bado inaitwa sukari, na vijiji vingali na majina yale. Vyote hivyo vimebaki vyenyewe. Kilichokatika ni kile kilichokuwa kikipita kinywani mwa mama kwenda sikioni mwa mtoto.

Kwa anayesafiri na kwa asiyesafiri

Kwa familia iliyo Ulaya na inayokusudia kwenda, ushauri wetu ni mwepesi. Nendeni katika machipuko au baada ya Septemba, fukwe zikiwa tupu na bei zikiwa nafuu. Kaeni siku mbili katika kijiji cha mlimani kwa kila siku mbili za pwani. Kuleni samaki, na mkate au biskuti za kienyeji ulizieni kwanza, kwa kuwa nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Kibla cha huko ni mashariki, kikielekea kusini kidogo tu. Mtoto aliyezoea hapa kwetu kuelekea kaskazini atauliza kwa nini, na jibu lake ni somo zuri la jiografia na la umma kwa pamoja. Msiingie vijiji vile kwa majivuno ya kwamba vilikuwa vyetu, wala kwa kinyongo na wenyeji wa leo, ambao hawakumfukuza mtu.

Na kwa walio wengi, ambao hawatafika huko, kazi ipo vilevile. Katika nyumba nyingi msahafu umewekwa juu ya kabati, umefungwa kwa kitambaa safi, na hushushwa siku ya msiba. Wapo mababu waliotuachia barua, hati za mashamba na tenzi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama vile Waislamu wale wa Hispania walivyoandika Kihispania chao kwa herufi hizohizo, na katika ukoo mzima hakuna tena anayeweza kuzisoma. Mtafuteni mzee anayejua, akiwa bado hai. Mpelekeni kwake mtoto mmoja walau, baada ya Maghribi, siku tatu kwa wiki. Mshusheni msahafu kabatini leo, na mumuulize kila mtoto wa nyumba anasoma hadi sura ipi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na vizazi vyetu. Amin.